Inchaji wa wodi ukiishiwa nguvu moyoni, anzia kwenye rosta

Nesi wa zamu akimaliza anakabidhi anaondoka, ila wewe inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, una wagonjwa, una manesi, una ndugu wanaogomba mlangoni, una daktari anauliza damu mbona haijaja na matroni anataka ripoti, alafu jioni huna wa kumkabidhi. Mwisho wake unajikuta mtumishi anakuja kukuomba ruhusa mtoto anaumwa unakereka hata hajamaliza kuongea, simu ikiita tumbo linakata, kifo kinatokea husikii chochote.

Usijione mbaya. Huku kuchoshwa na kazi mpaka moyo unakufa ganzi ndiko wanakoita burnout, na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, waliiandika kama hali inayotokana na stresi ya kazini iliyokaa bila kushughulikiwa, hawakuiita ugonjwa, kwa hiyo kabla hujaanza kujilaumu kwamba huruma imepungua kaangalie rosta.

Mainchaji wengi mtu akikosekana usiku wanajipanga wenyewe. Sasa ukiziba pengo kila mara huko juu wanaona rosta imejaa, kwao upungufu haupo! Andika kwenye kitabu cha ripoti: usiku nesi mmoja, wagonjwa kadhaa, matroni kajulishwa saa fulani. Sisemi uwatelekeze wagonjwa, ikiwa dharura kweli utaingia, ila isiwe kila wiki.

Simu nayo iwekee utaratibu, kubaliana na viongozi wa zamu kipi unapigiwa usiku na kipi kinasubiri asubuhi. Mgonjwa akibadilika anaitwa daktari wa zamu, sio wewe uliyelala kwako Mbagala.

Kinachomaliza watu zaidi ni vifo, hasa wodi ya wazazi. Kile kikao cha kujadili kifo cha mama kinatafuta wapi palikosewa, hata kikiendeshwa vizuri watu wanatoka wamenywea. Kwahiyo kabla yake, ikiwezekana siku hiyohiyo, kaa na waliokuwepo dakika kumi tu, mlango ufungwe, kila mtu aseme alichokiona na sasa hivi anajisikiaje, hakuna kuandika hakuna kulaumu. Na wewe useme zamu yako ikifika, maana mainchaji tuna tabia ya kuendesha kikao kama sisi hatukuwepo. Aliyeshindwa kuongea usimlazimishe, mfuate baadae.

Likizo ya mwaka ni siku 28, ichukue, achana na kuimega sikumbilisikumbili. Mkabidhi msaidizi kwa maandishi alafu zima grupu la wodi.

Tafuta pia inchaji mwenzio wa wodi nyingine wa kumwagia ya moyoni, walio chini yako sio mahali pake.

Usingizi ukigoma wiki kadhaa usijichotee diazepam kwenye kabati la wodi jamani. Hospitali nyingi za rufaa za mkoa zina kliniki ya afya ya akili, na kama unaogopa faili lako kusomwa na wenzio nenda hospitali nyingine. Ila mawazo ya kujidhuru yakija usisubiri kliniki, mwambie mtu na uende leoleo.