Nyumba imepigwa X: jinsi ya kudai fidia ya barabara Mbeya na Iringa

Ukikuta ukuta wako umepigwa X ya kupisha barabara, usikimbilie kwa diwani wala kwa wakili. Tafuta futi kamba kwanza. Mtu akuangalizie magari, maana pale Uyole malori ya Tunduma hayasubiri mtu, kisha pima kutoka katikati ya barabara mpaka kwenye msingi wa nyumba.

Swali ni moja: wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata? Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), hifadhi ya zamani, yaani ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujengwa, ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 wakati barabara ipo ameifuata mwenyewe, na atabomoa bila kulipwa. Aliyekuwepo kati ya 22.5 na 30 kabla ya sheria hiyo, barabara ndiyo imemfuata, na eneo lake likihitajika analipwa fidia. Ndiyo maana X zina rangi: nyekundu ni ya kuondoka bila fidia, kijani ni ya kufidiwa. Nimeona watu wakilia na X ya kijani, na wengine wametulia tuli na nyekundu mlangoni.

Barabara za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Hizo hazina mita 30, kwa hiyo kaulize vipimo vyake ofisi ya wilaya kabla ya kubishana.

Ukiona rangi imekosewa, andika barua kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na mkuu wa wilaya. Iwe fupi: jina lako, mtaa au kijiji, vipimo ulivyopata, mwaka ulioanza kumiliki eneo, na ombi la kupimiwa upya ukiwepo wewe na mwenyekiti wa mtaa. Peleka nakala mbili; moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni kama hukuiandika.

Viambatanisho ndivyo vinavyobeba barua. Hati, barua ya toleo, hatimiliki ya kimila, risiti za kodi ya ardhi, hata karatasi ya mauziano ya mkono yenye muhuri wa kijiji. Kinachotafutwa ni tarehe. Jirani yangu mmoja alikuwa na hati safi ya juzi tu, lakini kilichomwokoa ni kikaratasi cha mauziano cha zamani, kimekunjwa mara nane ndani ya Biblia ya mama yake.

Siku ya mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali yako, usisafiri. Hesabuni pamoja vyumba, choo, kisima, migomba na miparachichi, mkubwa na mchanga. Piga picha. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na hakikisha jina linafanana na la kitambulisho cha NIDA na la akaunti ya benki. Herufi moja imewachelewesha wengi.

Ujue pia unachodai. Fidia si bei ya matofali peke yake: kuna thamani ya ardhi na maendelezo (majengo na mazao), posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Eneo lisilokaliwa na mtu halipati makazi wala usafiri.

Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka malipo ndani ya miezi sita. Zaidi ya hapo riba inaanza kuhesabiwa, na miaka miwili ikipita uthamini unarudiwa. Miezi sita ikiisha tangu kuidhinishwa, andika barua ya kukumbusha mara moja, usingoje.

Ikishindikana, wengi hukosea hapa kwa kwenda Baraza la Kata. Baraza hilo ni la kusuluhisha majirani. Kuishtaki Serikali kunaanza na notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Zikiisha, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au Iringa, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimwacha, kesi inaanguka. Hapa sasa tafuta wakili, na mapema, kwa kuwa madai mengine ya fidia hufa baada ya mwaka mmoja.

Katika kusubiri, usiongeze chumba wala kupanda miche mipya. Kilichoota baada ya mthamini kupita hakimo kwenye fomu.