Kuweka barua pepe na kupanga mafaili kwenye cPanel, hatua kwa hatua

Hosting (huduma ya kukodi seva ya tovuti) nyingi za bei nafuu zinakuja na cPanel, ukurasa wa kuisimamia, na ndani yake barua pepe na tovuti hukaa kwenye diski moja. Ndiyo maana tovuti ya ofisi inaweza kugoma kwa sababu kisanduku cha mhasibu kimejaa viambatisho, na barua za miaka zinaweza kupotea kwa sababu mtu alikuwa "anasafisha" mafaili. Mwongozo huu unachukulia kwamba una domeni (tutumie mfano.co.tz), akaunti ya hosting na nenosiri la cPanel. Unaingia kupitia mfano.co.tz/cpanel, au mfano.co.tz:2083. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Jua DNS yako inaongozwa wapi

Usifungue anwani ya barua pepe hata moja kabla ya hili. DNS ni daftari la mtandao linaloonyesha tovuti na barua za domeni yako ziende seva ipi, na nameserver ndizo seva zinazolitunza. Angalia nameserver za domeni yako kwa msajili (kampuni uliyosajilia domeni). Zikielekea kwa kampuni ya hosting, rekodi utazirekebisha ndani ya cPanel, kwenye Zone Editor. Zikielekea kwingine, tuseme Cloudflare (huduma ya nje ya DNS), chochote utakachoandika kwenye Zone Editor hakina athari yoyote. Rekodi zote ziandikwe huko. Watu hupoteza siku nzima wakirekebisha mahali ambapo hakuna anayesoma.

Rekodi ya MX (inayoonyesha barua ziende seva ipi) lazima itaje jina, si namba ya IP (anwani ya seva kwa tarakimu). Kawaida ni mail.mfano.co.tz, na jina hilo nalo liwe na rekodi ya A (inayounganisha jina na IP) yenye IP ya seva. Kama unatumia Cloudflare, rekodi ya "mail" iwe DNS only (wingu la kijivu). Wingu la chungwa hupitisha tovuti tu, halipitishi barua, kwa hiyo simu itajaribu kuunganika mpaka ichoke.

Hatua ya 2: Fungua anwani

Nenda Email Accounts, bonyeza Create, andika jina (mauzo, info, uhasibu), kisha bonyeza Generate upate nenosiri refu. Kwenye Storage Space usiache Unlimited. Piga hesabu: una GB 5, tovuti inatumia GB 1.2, na unataka anwani nne. Kila moja ikipewa MB 750, jumla ni GB 3, na inabaki nafasi ya tovuti kupumua. Kisanduku kikijaa, barua za kile kisanduku tu ndizo zitakazorudi kwa watumaji. Diski nzima ikijaa, kila kitu kinasimama.

Kisha fungua Default Address uchague kurudisha barua zinazotumwa kwa anwani zisizokuwepo. Ukiziacha ziingie kwenye kisanduku kimoja, utakuwa umefungua mlango wa taka.

Hatua ya 3: Simu na kompyuta

Chagua IMAP, inayoacha barua kwenye seva ili kila kifaa kione zilezile. POP3 hushusha barua kwenye kifaa kimoja, na mara nyingi huzifuta kwenye seva, kwa hiyo simu na kompyuta zinaonyesha vitu tofauti na kila mtu anaapa kwamba yeye hajafuta kitu.

Seva ya kupokea: mail.mfano.co.tz, poti 993, SSL.
Seva ya kutuma: mail.mfano.co.tz, poti 465 SSL, au 587 STARTTLS.
Jina la mtumiaji: anwani nzima, mauzo@mfano.co.tz, si "mauzo" peke yake.

Usitumie poti 25 kutuma. Watoa intaneti wengi wameifunga. Inapokea lakini haitumi? Angalia kama uthibitishaji wa seva ya kutuma umewashwa. Likitokea onyo la cheti cha usalama (SSL), usibonyeze kukubali. Nenda SSL/TLS Status uone kama mail.mfano.co.tz imo, kisha bonyeza Run AutoSSL.

Kuna tatizo moja linalosumbua ofisi nyingi kuliko yote. Umebadilisha nenosiri, lakini simu ya zamani kabatini bado inajaribu lile la kale kila baada ya dakika chache. Seva inaona mtu anabahatisha nenosiri, inaizuia IP. Ofisi nzima inatoka kwa IP moja, kwa hiyo wote wanafungiwa, na pengine hata tovuti haifunguki. Kipimo ni rahisi: zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa data ya simu. Ikifunguka huko na kugoma kwenye Wi-Fi, IP imezuiwa. Mwombe mtoa huduma aifungue, lakini kwanza tafuta kifaa chenye nenosiri la kale, la sivyo mtafungiwa tena baada ya muda mfupi.

Hatua ya 4: Barua zisianguke kwenye spam

Fungua Email Deliverability. cPanel itakwambia kama SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni yako) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) ziko sawa. DNS ikiwa kwenye seva hiyohiyo, bonyeza Repair. Ikiwa nje, nakili thamani uzibandike huko. SPF huonekana hivi:

v=spf1 +a +mx +ip4:192.0.2.10 ~all

Rekodi ya SPF ni moja tu kwa domeni. Ukihitaji kuongeza huduma nyingine ya kutuma barua, iingize ndani ya mstari huohuo, kabla ya ~all. Rekodi mbili za SPF ni sawa na kutokuwa na hata moja, kwa sababu seva inayopokea inahesabu kuwa ni kosa. Pia SPF isilazimishe utafutaji wa DNS zaidi ya mara 10.

Kwa DMARC (sera inayoiambia seva inayopokea ifanye nini na barua zisizopita vipimo hivyo), ongeza rekodi ya TXT (ya maandishi) yenye jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Anza na p=none (tazama tu), soma ripoti, na zikionyesha barua zako zote halali zinapita, panda hadi p=quarantine (ziende spam). Kurukia p=reject (zikataliwe kabisa) siku ya kwanza ni njia ya uhakika ya kukosesha wateja ankara zao. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na kwa Gmail anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na zote mbili pamoja na DMARC.

Sasa jipime: tuma barua kwenda Gmail, ifungue kwenye kompyuta, chagua Show original. Unatafuta neno PASS mara tatu: SPF, DKIM na DMARC.

Kama barua zako ziko Google au Microsoft na tovuti tu ndiyo iko kwenye cPanel, nenda Email Routing uweke Remote Mail Exchanger. Ikibaki Local, ujumbe wa fomu ya mawasiliano unaokwenda kwenye domeni yako hautatoka nje ya seva. Fomu itasema "imetumwa", na wewe hutaona kitu.

Hatua ya 5: File Manager

Ukiingia unakuta folda kadhaa. Tovuti iko ndani ya public_html. Folda ya mail ndiyo barua zenyewe, na etc ina majina na nywila za anwani. Hizo mbili usiziguse, hata kama zinaonekana nzito.

Kupakia tovuti: ifunge iwe zip moja, pakia kwa Upload, kisha Extract. Ukifungua domeni na kukuta orodha ya folda badala ya ukurasa, angalia kama zip imezaa folda ya nje (public_html/tovuti/index.html). Ingia ndani, Select All, kisha Move kwenda public_html. Picha zinazoonekana kwenye kompyuta yako ya Windows lakini hazionekani mtandaoni mara nyingi tatizo ni herufi kubwa na ndogo: kwa Linux (mfumo wa seva), Logo.JPG na logo.jpg ni mafaili mawili.

Ruhusa (nani anaweza kusoma au kubadilisha): mafaili 644, folda 755. Mtu akikushauri 777 (kila mtu aruhusiwe kila kitu) ili "itaanza kufanya kazi", mkatalie. Kwenye seva nyingi za kushirikiana inaleta kosa la 500 (hitilafu ya seva).

Faili la .htaccess (maagizo ya seva kwa tovuti yako) huonekana baada ya kwenda Settings na kuwasha Show Hidden Files. Kabla ya kulihariri tengeneza nakala inayoanza na .ht, mfano .htaccess-kale, kwa sababu Apache (programu ya seva ya tovuti) kwa kawaida huyaficha mafaili ya namna hiyo. Usifanye vivyo hivyo na wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress). Nakala iitwayo wp-config.php.bak inasomwa na mtu yeyote kama maandishi ya kawaida, nenosiri la database likiwemo. Na zip ya tovuti ifute ukishamaliza. Wapo wanaozunguka mtandaoni wakijaribu /backup.zip kwenye kila domeni.

Hatua ya 6: Nafasi ikijaa

Ukifuta faili kwenye File Manager huenda .trash na bado linahesabiwa. Bonyeza View Trash, kisha Empty Trash. Tazama pia error_log (faili la kumbukumbu za makosa) ndani ya public_html. Hitilafu moja ya programu-jalizi inaweza kulifanya liwe kubwa kuliko tovuti yenyewe. Ukilifuta bila kutibu hitilafu, litarudi.

Kwa barua tumia Email Disk Usage, chagua anwani, futa za zaidi ya mwaka mmoja. Hosting nyingi zina kikomo cha idadi ya mafaili pia, na kila barua kwa kawaida ni faili moja. Kisanduku chenye barua 40,000 kinakula mafaili 40,000 hata kama MB ni chache.

Kabla ya kufuta chochote kikubwa, nenda Backup uchukue nakala kamili. Inahifadhiwa kwenye diski hiyohiyo, kwa hiyo ipakue kwenye kompyuta kisha uifute kwenye seva. Kuirudisha nakala kamili kunafanywa na mtoa huduma. Ukitaka uwezo wa kurudisha mwenyewe, pakua pia Home Directory na kila database peke yake.