Rangi ya gari ina ukungu usiotoka? Usikimbilie kusugua

Unaosha gari, likiwa na maji linang'aa vizuri kabisa, likikauka tu ule ukungu mweupe umerudi palepale kwenye boneti na kwenye rufu kama vile hujafanya kitu. Wengi hapo ndo wanachukua kompaundi kali, ile dawa yenye chembechembe za kukwangua rangi, wanaanza kusugua, na hapo ndo wanapoharibu rangi. Ile klia inayokaa juu ya rangi, yaani lile tabaka la mwisho lisilo na rangi, kwa magari mengi yakitoka kiwandani, ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele, na kila ukipiga kompaundi unaipunguza kidogo na ikishaondoka hairudi. Kwa hiyo jua kwanza huo ukungu ni wa nini.

Osha gari lote kwa shampoo ya gari, kivulini, bodi ikiwa imepoa, kausha. Halafu pitisha kidole juu ya ukungu. Kidole kikiacha mstari na ukungu ukasogea kama mafuta, hayo ni mabaki ya waksi au polishi iliyopakwa nyingi na haikufutwa ikaisha, wala usihangaike, chukua spiriti sehemu moja maji sehemu nne, nyunyiza kwenye kitambaa cha maikrofaiba, futa, basi.

Usiposogea, washa tochi ya simu umulike kwa ubavu, sogeza jicho karibu kabisa. Ukiona viduara vidogo vyenye ukingo mweupe na katikati pasafi, hayo ni madoa ya maji. Maji yenye chokaa yana kalsiamu na magnesiamu, tone likikauka juani maji yanapaa ila madini yanabaki yameng'ang'ania, na shampoo haiwezi kuyatoa hata uoshe mara kumi. Hapa dawa ni siki nyeupe ya jikoni, nusu kwa nusu na maji safi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, kisikaukie hapo, kisha futa taratibu bila kukandamiza na suuza kwa maji mengi maana ile ni asidi, hutaki ibaki kwenye rangi. Doa likilegea kidogo rudia. Lakini kama weupe umetoka na bado unaona alama ya kiduara kama kashimo, ujue madini yameshaila klia yenyewe na siki haitasaidia tena.

Kuna kipimo kimoja nakipenda sana: vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi halafu pitisha vidole juu ya rangi safi iliyolowa maji. Mkono mtupu unaweza kukudanganya kwamba ni laini, ila ukiwa na mfuko utahisi vichembechembe kama mchanga. Hivyo ni uchafu uliojichomeka, na unatolewa kwa klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi ya gari. Nyunyiza maji ya shampoo ya kutosha, telezesha klei kwa mstari ulionyooka bila nguvu, ikichafuka ikunje upate upande msafi, na ikidondoka chini itupe, hata kama ni mpya, mchanga mmoja tu uliokwama humo utachora bodi nzima.

Ukungu ukiwa umetanda boneti nzima, rangi imefubaa, na ukimwagia maji unapotea, hiyo ni rangi iliyochoshwa na jua pamoja na mikwaruzo midogo midogo, maji yanaijaza ile mikwaruzo ndo maana inang'aa ikiwa imelowa. Sasa hapo ndo polishi inahitajika, na anza na polishi laini, sio kompaundi. Bandika maskingi tepu upate kipande cha sentimita 30 kwa 30, weka matone manne hivi ya polishi kwenye sponji, sugua kwa mkono au mashine, futa, pitisha ile spiriti kutoa mafuta ya polishi halafu mulika tena, hapo ndo utaona ukweli. Ikikubali endelea na gari lote kwa namna hiyohiyo, ikigoma ndo upande kwenye kompaundi, ukimaliza urudie polishi laini. Kingo za milango na mikunjo ya bodi ziguse kidogo sana, huko klia huwa nyembamba zaidi. Kitambaa kikichukua rangi ya gari usishtuke kama gari ni la zamani lisilo na klia, ila kama linayo, simama hapohapo, klia umeshaimaliza.

Mafuta ya taa na mafuta ya kula yanang'arisha siku mbili tatu kwa sababu yanajaza mikwaruzo kama yale maji, hayatoi kitu. Stili waya na dawa ya meno achana navyo kabisa.

Na kama klia inabanduka, ina mabaka meupe yenye kingo unazoweza kuzikwangua kwa ukucha, hakuna polishi itakayoirudisha, hiyo ni ya fundi rangi apige msasa apulizie upya, tunza hela yako.

Ukishamaliza pakaa waksi nyembamba, na kuanzia hapo kila ukiosha futa maji yote kwa taulo kabla hayajakauka yenyewe, hasa yale yanayochuruzika kwenye vioo vya pembeni na vitasa baada ya kuondoa gari.