Kupanga safari ya kuangalia ndege visiwani Mtwara na Kilwa: anza na mwezi, nauli baadaye

Safari yangu ya kwanza kupeleka watu Ghuba ya Mnazi kuangalia ndege niliiharibu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Wageni watatu kutoka Dar, likizo yao inaisha Jumapili, na mi nikapanga kwa kufuata likizo yao, nikatafuta boti, nikanunua maji na mihogo ya kuchoma, tukatoka Msimbati asubuhi tuna furaha kibao. Kumbe mwezi una siku saba, maji mafu. Bahari ikajaa nusunusu ikaishia hapo, fungu lote la mchanga limebaki wazi, ndege wametawanyika huko mbali kama pilipili manga iliyomwagika kwenye mkeka na sisi kwenye boti tunakodoa macho. Mmoja akaniuliza, "Kaka, ndo hao?" Ndo hao.

Tangu siku hiyo sipangi kitu kabla ya kujua mwezi. Hivi ndo nafanya sasa.

Hatua ya 1: chagua msimu

Ndege wengi tunaowafuata huku ni wageni. Kule kaskazini, Ulaya mpaka Siberia, ikifika Septemba baridi inaanza na majani yanapukutika, ardhi ikiganda chamchanga, yule ndege mdogo wa pwani, hana tena pa kuchomeka mdomo, kwa hiyo anashuka kusini. Wenyewe huo msimu kwa Kiswahili cha vitabuni unaitwa vuli, ila tusichanganyane, vuli ya Tanga na Dar ni mvua, na sisi Mtwara na Lindi hata hiyo vuli hatuna, mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba mwishoni au Desemba inaenda mpaka Aprili huko. Maana yake wakati wao wanakimbia baridi, sisi huku ni kukavu na anga safi.

Wa kwanza hawasubiri hiyo baridi, wanafika Agosti, na wengine bado wana mabaki ya nguo za harusi, yaani manyoya ya msimu wa kuzaliana, wekundu kifuani, ukiwaona ni raha. Tatizo Agosti kusi bado inavuma, boti inaruka na darubini haitulii mkononi. Mi naona wakati mzuri ni Oktoba mpaka Novemba katikati, tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijashika, kuna siku bahari inalala kama mafuta kwenye sahani. Ila ujue huo ndo msimu wa korosho. Minada inaanza, wanunuzi wanajaa mjini, gesti zinapanda bei na bodaboda wanakuwa na hela hawakubembelezi. Weka chumba mapema.

Hatua ya 2: chagua siku kwa mwezi wa angani

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Ndege wa pwani anakula maji yakikupwa. Maji yakijaa anafukuzwa, anasogea, anasogea, mwisho wote wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki kusubiri. Hapo ndo unawaona, mia kadhaa sehemu moja, wakubwa kwa wadogo, bila kuwasumbua. Ili wabanane unahitaji maji yanayojaa kwelikweli, yaani bamvua, na bamvua inakuja siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Wazee wanahesabu kwa mwezi mwandamo, mwezi mosi na mwezi kumi na tano, hawahitaji programu ya simu.

Uzuri wa pwani yetu, saa hazibadiliki sana kwa bamvua: maji yanakupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kabisa kama saa kumi jioni, alafu kila siku yanachelewa kidogo, chini ya saa moja. Mwezi ukiwa nusu ni kinyume chake, yanajaa saa nne asubuhi, tena hayajai la maana, kama ile siku yangu ya aibu.

Mfano, Oktoba 2026 mwezi mchanga ni tarehe 10 na mpevu ni tarehe 26. Kwa hiyo unaomba likizo ya tarehe 10 mpaka 14 au 26 mpaka 30. Bosi akikupa tarehe 18, bora uende harusini.

Angalizo, kuna bamvua kubwa za Septemba na Oktoba zinazofunika fungu lote na ndege wanahamia kwenye mikoko usiwaone tena. Ndo maana unalala siku tatu au nne, usiende siku moja ukarudi unalalamika.

Hatua ya 3: chagua visiwa, sehemu moja tu

Watu wanataka Mtwara na Kilwa zote kwa siku nne. Acha. Utaishia kuona viti vya basi.

Ghuba ya Mnazi iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, inaunganisha ghuba yenyewe na pale Mto Ruvuma unapomwaga. Kuna visiwa vidogo, Mongo, Namponda na Kisiwa Kidogo, kuna mafungu ya mchanga, kuna mikoko. Unafikia Msimbati au Ruvula kwa barabara kutoka Mtwara mjini kupitia Madimba. Kwa mtu anayetaka ndege tu, mi namwambia aje huku.

Kilwa ni kwa mtu anayekuja na mwenza asiyependa ndege. Asubuhi anatembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yale yaliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na we unabaki na mikoko yako. Songo Songo na visiwa vyake, Fanjove, Nyuni, Okuza, ndo vizuri zaidi kwa ndege wa bahari hasa buabua, ila ni mbali kidogo na boti inataka bajeti. Eneo lote hilo kuanzia delta ya Rufiji, Mafia mpaka Kilwa linatambuliwa na mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 2004.

Ukikosa muda wa kote huko, panda kivuko pale Mtwara mjini uvuke Msanga Mkuu maji yakiwa yamekupwa, utaona sululu na yangeyange kwa nauli ya kivuko tu.

Hatua ya 4: ruhusa

Hii fupi ila usiiruke. Hifadhi ya bahari ina kiingilio, raia analipa kidogo kuliko mgeni, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, risiti tembea nayo. Kilwa kibali cha magofu kinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Kijijini jitambulishe kwa mwenyekiti na usaini kitabu cha wageni. Ghuba ya Mnazi ni mpakani na Msumbiji na ina visima vya gesi, mtu mwenye darubini ndefu amekaa anaangalia upande mmoja masaa mawili lazima aulizwe, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA mfukoni, droni acha nyumbani, na usielekeze lenzi kwenye mitambo wala kwa askari. Mi niliwahi kukaa chini ya mkorosho nusu siku najielezea kuhusu chamchanga, niliachiwa pale nilipofungua kitabu cha ndege nikaanza kuwafundisha, mmoja akasema huyu kweli anapenda ndege huyu.

Hatua ya 5: boti na nahodha

Usimtafute mwenye boti nzuri, mtafute nahodha anayejua mafungu. Muulize swali moja tu: "Maji yakijaa, ndege wanalala wapi?" Akikujibu papo hapo kwa jina la fungu, huyo ndo wako. Akikwambia ndege wako kila mahali, mshukuru, endelea kutafuta. Na usiwasahau kina mama wanaoshuka kwenye mwamba kuvua pweza bamvua ikikupwa, wanakuwa na hao ndege kila mara na wanajua kuliko nahodha, we salimia vizuri, shikamoo kwa wakubwa, alafu uliza.

Mkubaliane kwa siku nzima siyo kwa tripu, na muelewane mafuta ni ya nani kabla hamjaondoka, ugomvi wote unaanzia hapo. Faiba yenye injini inawahi, ila mkifika karibu izimwe, msukume kwa pondo. Laifu jaketi kwa kila mtu, hata anayesema amezaliwa baharini.

Hatua ya 6: mzigo

Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha, za kukuza zaidi zinatetemeka kwenye boti. Ukiwa na telesikopu na standi yake vizuri, ila itumie ukiwa umesimama mchangani. Kila kitu kisichotaka chumvi weka kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, inashinda begi la bei mbaya na ukichoka unaikalia. Miguuni raba za zamani, kandambili zitabaki kwenye tope na makome ya mikokoni yanakata kama wembe. Maji ya kunywa lita tatu kwa kichwa, kofia, kitenge cha kujifunika jua. Rangi ya nguo isiwe nyeupe wala inayong'aa.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Ondokeni saa moja asubuhi na maji yanayotoka, mkichelewa boti itakaa juu ya tope nanyi mtasubiri mpaka mchana, yamenikuta. Saa nne tembea pembeni ya mikoko, tazama mdiria, tazama korongo, na furukombe akiwepo utamsikia kabla hujamuona. Kuleni, laleni kivulini.

Kuanzia saa nane mchana nendeni kwenye fungu, na hii ndo siri: jua linakuwa magharibi, kwa hiyo boti ikae upande wa magharibi wa fungu jua likiwa mgongoni kwenu. Ukikaa mashariki utaona vivuli vyeusi tu. Kaeni mbali, mita mia na zaidi, mtulie. Maji yatawaleta ndege kwenu wenyewe.

Anza kuwapanga kwa mdomo. Mdomo uliopinda chini kama sululu la kuchimbia, huyo ni sululu, jina limemfaa. Wadogo wanaokimbia na wimbi kama wameibiwa ni chamchanga wa mchangani. Buabua wanakaa pamoja, wote wamegeukia upepo, wenye midomo ya njano na ya rangi ya chungwa. Alafu tafuta mfalme wa hapa, mla kaa, Dromas ardeola: mweupe pee, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufulia nazi. Huyu hatoki Siberia, anazalia kwenye joto, pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Somalia, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, ndege mwingine wa kundi lake hafanyi hivyo. Ukiona mmoja wa kijivujivu anamfuata mkubwa huku analia kwa mluzi, ni mtoto, amesafiri umbali wote huo na bado anaomba kulishwa. Kila mara nikiwaona nawakumbuka vijana wangu nyumbani.

Inua macho pia. Oktoba mwishoni na Novemba kuna kozi mmoja mwembamba wa kijivu anapita kwenda Bukini, yaani Madagaska, akitokea kundi lote linaruka mara moja na we hujafanya kosa lolote. Ila wakinyoosha shingo wote wakati hakuna kozi, ni wewe, rudi nyuma. Wametoka mbali na wanajenga mafuta upya, kila wakirushwa wanachoma walichokula asubuhi.

Andika palepale idadi, saa na hali ya maji, jioni ingiza kwenye eBird, mtandao wa kuweka hesabu za ndege, kusini huku taarifa ni chache na hesabu yako ya siku tatu ina kazi. Saa kumi na moja geuzeni, magharibi inaingia saa kumi na mbili na kidogo na mafungu gizani hayaonekani. Ukifika gesti suuza darubini kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, usifute lenzi kavukavu, chumvi inakwangua.