Kumtambua mtengenezaji wa Msalaba wa Chuma

Kadi nyingi za makumbusho nilizopitia zinasema "Msalaba wa Chuma, Ujerumani", basi. Fundi hatajwi, wakati alama yake mara nyingi imegongwa papo hapo kwenye nishani hii ya kijeshi, ndogo kuliko punje ya mtama.

1. Linda nishani kwanza. Vaa glavu za nitrili. Usiisugue wala kuipaka dawa ya kung'arisha fedha: weusi wa kiini, yaani chuma cha katikati kilichozungukwa na ukingo wa fedha, ni rangi, na ukitoka haurudi.

2. Soma mwaka. Nishani hii ilianzishwa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, mwaka 1813, ikarejeshwa 1870, 1914 na 1939. Ukikuta 1939 pamoja na majani ya mwaloni mahali pa swastika, alama ya Wanazi, imetengenezwa baada ya sheria ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1957, iliyoruhusu nishani hizi bila swastika.

3. Tafuta alama. Kwenye daraja la pili, tazama pete inayopitisha utepe. Kwenye daraja la kwanza, geuza nyuma ukague pini na sehemu ya bawaba. Tumia lensi inayokuza mara 10, na taa uilaze pembeni ili kivuli kiingie kwenye maandishi. Utepe ulioshonwa usiufumue. Usogeze taratibu, na ukikataa uache.

4. Tafsiri alama. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole. Namba 800 si fundi, ni kiwango cha fedha: sehemu 800 katika 1,000. Misalaba ya 1914 hubeba herufi: KO ni kiwanda cha kifalme cha sarafu, Berlin, Fr ni Friedländer wa Berlin.

Ya 1939 ina orodha mbili tofauti. Namba tupu zilitolewa na ofisi ya rais, yaani Präsidialkanzlei. Namba zenye L na mkwaju (/) ni za LDO, chama cha watengenezaji wa nishani. Kwa hiyo 26 ni B.H. Mayer wa Pforzheim, lakini L/26 ni Klein & Quenzer wa Idar-Oberstein, ambao kwenye orodha ya kwanza ni 65. Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid ni 4, na pia L/16. Ukiiacha hiyo L, umempa mtu mwingine kazi isiyo yake.

5. Hakikisha. Pete huweza kubadilishwa, ikaletwa kutoka msalaba mwingine. Linganisha tarakimu za mwaka na vishanga vya ukingo na msalaba wa fundi huyohuyo uliothibitishwa. Kasoro ya kalibu hujirudia kwenye kila kipande kilichopigwa nayo, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko pete. Sumaku isiponasa, usikimbilie kusema ni bandia. Vipo viini halali visivyo vya chuma.

6. Andika kadi. Tenganisha ulichokiona na unachokisia: "Alama: 65, kwenye pete. Mtengenezaji: Klein & Quenzer, kwa mujibu wa alama; kalibu haijalinganishwa." Pasipo alama, na ipo mingi ya hivyo katika daraja la pili la 1939, andika "haina alama", kisha piga picha ya pete pande zote.