Kuupima Uelekeo wa Jengo kwa Programu ya Uigaji wa Nishati: Mfano wa Ofisi ya Dar es Salaam

Mbunifu majengo anayechora ofisi ya ghorofa tatu Dar es Salaam, kwenye kiwanja ambacho barabara inapita upande wa magharibi, ana uamuzi mmoja usioweza kurekebishwa baada ya zege la msingi kumwagwa: uso mrefu wenye vioo vingi utazame barabarani, kama wenye majengo wengi wanavyopenda, au jengo ligeuzwe nyuso ndefu zitazame kaskazini na kusini? Programu ya uigaji wa nishati hulijibu swali hilo kwa kukokotoa, katika saa zote 8,760 za mwaka, joto linaloingia kupitia kuta, paa na vioo, joto linalotolewa na watu, taa na kompyuta, na umeme utakaohitajiwa na viyoyozi ili kuliondoa. Liandike swali lako kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta, kwani asiye na swali hutoka na grafu nyingi za rangi asizojua la kuzifanyia.

Programu inayofaa kuanza nayo, kwa maoni yangu, ni EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo imekuwa ikitolewa bila malipo tangu mwaka 2001. Yenyewe ni injini ya ukokotoaji tu, kwa hiyo wengi huitumia kupitia OpenStudio, ambayo pia ni ya bure, au DesignBuilder, ambayo hulipiwa. EDGE ya IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, ni nyepesi zaidi na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Hupima kama jengo limeokoa angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika athari za kutengeneza vifaa vya ujenzi. Ni nzuri kwa anayetafuta cheti, lakini haitakuonyesha chumba cha ghorofa ya tatu kinavyokuwa saa kumi jioni mwezi wa Februari, na hilo ndilo tunalolitafuta hapa.

Hatua ya kwanza ni faili la hali ya hewa lenye muundo wa EPW, ambalo hubeba mwaka wa kawaida uliounganishwa kwa miezi iliyochaguliwa kutoka miaka mbalimbali. Tovuti ya Climate.OneBuilding ina faili za viwanja vya ndege, na huduma ya PVGIS ya Tume ya Ulaya hutengeneza faili kwa nukta yoyote unayoitaja. Lifungue faili hilo na kulisoma kabla ya kuliamini. Latitudo iwe takriban -6.8, longitudo 39.2, na saa za eneo +3. Alama ya kutoa ikidondoka, jengo lako limehamia kaskazini mwa ikweta, na jua la Juni na la Desemba yamebadilishana pande bila programu kulalamika. Faili la PVGIS linaweza kuwa limeandikwa kwa saa za kimataifa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Usipolisogeza kwa saa tatu, wafanyakazi wako wataingia kazini jua likiwa mahali pengine kabisa. Kumbuka pia kwamba upepo wa uwanja wa ndege hupimwa mahali peupe. Kwa kiwanja cha Kariakoo kilichozungukwa na maghorofa, chagua mazingira ya katikati ya jiji, ili programu iupunguze upepo huo.

Kabla ya kuchora modeli, yaani jengo lako ndani ya kompyuta, likokotoe jua kwa mkono. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la mchana husimama utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Tarehe 21 Juni, likiwa juu kabisa, huwa upande wa kaskazini kwa nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na tarehe 21 Desemba huwa upande wa kusini kwa nyuzi 73. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 hukingwa na zege lililotokeza sentimita 90 tu juu yake, na la kusini hukingwa na sentimita 45, katika saa hizo za mchana. Upande wa magharibi hauna bahati hiyo. Saa kumi na moja jioni jua huwa limeshuka hadi nyuzi 20 hivi, na hakuna ukingo wa mlalo, labda uwe na upana wa veranda, utakaolizuia. Hapo hufaa mapezi ya wima (vibao vilivyosimama mbele au kando ya dirisha), miti, au kupunguza kioo chenyewe.

Chukua sasa kioo cheupe cha milimita 6 upande huo, chenye eneo la mita za mraba 10, na jua la jioni la wati 500 kwa mita ya mraba. Kioo hicho hupitisha takriban asilimia 82 ya joto la jua, kwa hiyo kilowati 4.1 zinaingia chumbani. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5. Mashine nzima imemezwa na dirisha hata kabla mtu hajaketi mezani! Hesabu ya namna hii ndiyo mizani yako: programu ikikupa jibu lililo mbali sana nayo, utafute kosa kwenye modeli kabla ya kushangilia ugunduzi.

Katika kuchora, acha urembo. Umbo la sanduku linatosha, mradi kila ghorofa igawanywe katika kanda, yaani maeneo ambayo programu hukokotoa joto la kila moja peke yake: ukanda wenye kina cha mita 4 hadi 5 kwenye kila uso wa jengo, na kanda moja ya katikati. Ukiifanya ghorofa nzima kuwa chumba kimoja, joto la magharibi litachanganywa na ubaridi wa mashariki, na tofauti unayoitafuta itafutika. Nafasi iliyo kati ya bati na dari nayo iwe kanda yake. Majengo jirani yachorwe kama vivuli.

Panapowakwamisha wengi ni thamani za awali zinazokuja na programu. Violezo vya OpenStudio vimetungwa kwa viwango vya Marekani, na kuta zake zina tabaka la kuhami joto ambalo tofali letu la saruji la inchi 6 lililopigwa plasta pande mbili halina. Ukuta wetu hupitisha karibu wati 3 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Sikukuu zilizomo si zetu. Bati jipya linalong'aa na bati lililopata kutu hunyonya jua kwa viwango tofauti, kwa hiyo chagua unaloliigiza. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu ya eneo lake, na wavu wa mbu hupunguza tena hewa inayopita, lakini modeli nyingi nilizozikagua zilihesabu dirisha zima kuwa wazi. Kwenye ratiba, kumbuka kwamba saa mbili asubuhi huandikwa 08:00. Katika zoezi langu la kwanza niliandika 02:00 hadi 10:00, na ofisi yangu ikajaa watu saa nane usiku. Matumizi ya umeme yalipendeza mno, na nilikaa siku mbili nikijipongeza.

Mbio za kwanza, yaani ukokotoaji wa kwanza wa mwaka mzima, ziendeshwe bila viyoyozi halisi. EnergyPlus ina mfumo wa kinadharia unaoondoa joto lote linalohitajika kuondolewa, nao hukuonyesha mahitaji ya jengo lenyewe kabla ubora wa mashine haujaingia katika hesabu. Tazama joto kavu (lile linalopandisha nyuzi za hewa) na unyevu kila kimoja peke yake, maana katika mwambao sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi ni kukausha hewa, na sehemu hiyo haipungui kwa kivuli. Matokeo mengi hutoka kwa juli; megajuli 3.6 ni yuniti moja ya umeme.

Kisha ligeuze jengo. Kuna namba moja, ya mhimili wa kaskazini, ambayo ukiibadilisha kutoka 0 hadi 90 jengo zima huzunguka. Hakikisha tu kwamba majirani wamesajiliwa kama vivuli vya kiwanja, si vya jengo, la sivyo nao watazunguka pamoja na ofisi yako. Usibadilishe kitu kingine chochote katika mbio hizo. Baadaye ongeza chaguo la tatu, yaani uso wa magharibi uliobaki barabarani lakini wenye mapezi na kioo kidogo, kwa kuwa mwenye jengo atakuuliza, na ni haki yake kuuliza.

Vyumba visivyo na kiyoyozi vipimwe kwa saa za starehe. Kiwango cha 55 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, huzidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31 na kujumlisha 17.8; wastani ukiwa nyuzi 27, starehe iko karibu na 26.2, na nafasi ya 3.5 juu na chini yake inakubalika kwa asilimia 80 ya watu. Hesabu saa za kazi zinazovuka mpaka huo kwa kila chaguo.

Unapowasilisha, mpe mwenye jengo tofauti kati ya chaguo, kwa yuniti na kwa shilingi, na usimwahidi jumla ya bili. Tofauti ni imara kwa sababu makosa ya kukisia watu na vifaa yamo pande zote mbili. Jumla haina kinga hiyo.

Jengo likishahamiwa, soma mita ya LUKU, ya umeme unaolipiwa kabla, tarehe moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Risiti za ununuzi hazitoshi, kwani yuniti zilizonunuliwa Machi huweza kuliwa hadi Mei. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE huikubali modeli ambayo, kwa takwimu za kila mwezi, wastani wa upotokaji wake hauzidi asilimia 5 na mtawanyiko wa makosa yake hauzidi asilimia 15. Ikivuka hapo, anza kuchunguza ratiba na nyuzi walizotegea watu kwenye viyoyozi. Kuta huwa za mwisho kulaumiwa.