Namna ya Kumsaidia Anayejidhuru kwa Tiba ya Mazungumzo

Wengi wanaojidhuru hufanya hivyo ili kutuliza maumivu ya moyo ambayo hawajapata njia nyingine ya kuyatuliza. Kwa hiyo mshauri asianze kwa kumtaka mteja aahidi kuacha, kwa sababu ahadi hiyo ikivunjika huzaa aibu, na aibu humfundisha kuficha. Fikra za kujiua, hata hivyo, ziulizwe waziwazi tangu kikao cha kwanza. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Miongoni mwa njia zilizofanyiwa utafiti mwingi ni tiba ya dialektika ya tabia (DBT), yaani tiba inayomfundisha mtu kujikubali alivyo na papo hapo kubadili tabia zinazomuumiza, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, ambaye mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1993. Mteja huonana na mtaalamu wake kila wiki, huhudhuria kundi la kujifunza stadi, na huweza kumpigia simu mtaalamu anapozidiwa.

Kiini chake, kwa maoni yangu, ni uchambuzi wa mnyororo wa matukio. Chagueni tukio moja la karibuni mlifuatilie hatua kwa hatua. Mteja akisema, "Nilikasirika tu, nikajidhuru," usiridhike na hiyo "tu". Muulize alivyolala usiku uliotangulia, nani alimwambia nini, na wazo gani lilimjia. Pengine itabainika kwamba hakupata usingizi, kwamba mchana ujumbe wake kwa rafiki ulisomwa usijibiwe, na kwamba ilipofika saa mbili usiku alikuwa amekwisha kujiambia kuwa hana thamani kwa mtu yeyote, akajifungia chumbani. Uliza pia nafuu ilidumu kwa muda gani, na aibu ilianza lini.

Kila pingili ya mnyororo huo ni mahali pa kuukatia. Usingizi hurekebishwa, lile wazo la kukosa thamani hupimwa kwa ushahidi, kama ifanyavyo tiba ya utambuzi na tabia, na kwa zile dakika kali hufundishwa stadi za kustahimili, kama vile kupumua taratibu huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Afanye mazoezi hayo akiwa ametulia, maana hakuna ajifunzaye kuogelea siku ya mafuriko.

Kabla hajaondoka, andikeni mpango wa usalama kwa maneno yake mwenyewe: dalili za hatari, watu wa kuwapigia, na namna ya kuweka mbali vitu vya kujidhuru. Akiwa na jeraha linalohitaji matibabu au nia ya kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akirudia kujidhuru, usimkaripie. Kaeni tena muufuatilie mnyororo mpya, kuanzia usiku uliotangulia.